Kabla hujamlaumu mtoto, angalia waya wa chaja

 

Tangu darasa la wakubwa lilipotengeneza zile kompyuta ndogo za kuchezea geimu za zamani, simu ninazopigiwa Jumapili jioni zinafanana. "Mwalimu, kile kimashine kimekufa." "Mwalimu, kinawaka, kinazima, kinawaka tena." "Mwalimu, huyu mtoto kakiharibu." Mzazi mmoja alikuwa ameshamnyima mwanawe geimu wiki mbili kwa kosa la kubonyezabonyeza ovyo. Tulipobadilisha waya wa chaja tu, kimashine kikafanya kazi kama kipya, na mtoto akabaki anamtazama mama yake.

Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu umeme usiotosha. Ni ugonjwa wa kawaida mno wa mashine hizi, na tiba yake mara nyingi haimgharimu mtu zaidi ya waya mzuri. Nina sababu mbili za kuuandikia. Ya kwanza ni haki ya mtoto: asiadhibiwe kwa kosa la chaja. Ya pili ni kwamba wengi wenu mmehifadhi kwenye kadi ileile sauti za bibi na babu tulizorekodi kwa kazi ya hadithi na vitendawili. Umeme ukiyumba, kadi inaweza kuharibika, na sauti hizo zikaenda nayo. Geimu utaipata tena. Bibi aliyeko Tanga au Bukavu huenda asiweze kukusimulia tena vilevile.

Kimashine chenyewe

Raspberry Pi ni kompyuta kamili iliyopangwa juu ya bodi moja ndogo, karibu sawa na kadi ya benki. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na ya kwanza iliuzwa tarehe 29 Februari 2012. Lengo lilikuwa watoto wajifunze kompyuta kwa bei nafuu, lakini watu wakagundua haraka kwamba ukiiwekea programu kama RetroPie, Recalbox au Batocera, inaweza kuiga mashine za zamani za Nintendo na Sega. Wazazi mliokulia hapa Afrika Kusini mnaikumbuka Golden China. Sisi tuliokulia upande wa kwetu tunakumbuka kupanga foleni kwenye kibanda cha mtaani chenye televisheni moja, na shilingi mkononi.

Shikeni jambo moja hapa, maana tutalirudia: kimashine hiki hakina betri. Kinaishi kwa umeme unaofika sekunde hiyohiyo kupitia waya. Ukikatika kwa kufumba na kufumbua, nacho kimezimia.

Presha, damu na sindano

Wanafunzi wangu wanajua kazi yangu ya wiki nzima ni uuguzi, kwa hiyo mnisamehe nikieleza umeme kwa lugha ya wodini.

Volti ni kama presha: ni nguvu inayosukuma. Ampea ni kama kiasi cha damu kinachopita kwa wakati fulani. Waya ni kama mshipa, au kama ile kanula tunayomchoma mgonjwa mkononi ili apate dripu. Chupa ya dripu inaweza kuwa imejaa na imetundikwa juu vizuri, lakini kama kanula ni nyembamba, maji yatafika kidogokidogo. Mgonjwa anayehitaji maji mengi kwa haraka hatapona kwa kanula ya mtoto mchanga.

Na kuna jambo lililonifurahisha. Kanula hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa, kanula ni nyembamba: namba 14 ni nene, namba 24 ni nyembamba. Nyaya za umeme zinazopimwa kwa kipimo cha AWG nazo zina tabia hiyohiyo. Waya wa namba 20 ni mnene, waya wa namba 28 ni mwembamba. Chaja nyingi za bei ya chini huja na waya wa namba 28. Wakati mwingine namba hiyo imeandikwa kwenye ganda la waya kwa herufi ndogo sana. Mpe mtoto aisome, macho yake ni mazuri kuliko yetu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chaja nzuri ya Raspberry Pi hutoa volti 5.1. Tuseme kimashine kinatumia ampea 2 wakati geimu inachezwa. Ukitumia waya wa namba 28 wenye urefu wa mita 1, karibu volti 0.85 zinapotelea njiani, kwa sababu umeme lazima uende na urudi. Kimashine kinabaki na volti 4.25. Ukitumia waya wa namba 20 wenye urefu uleule, zinapotea kama volti 0.13 tu, na kimashine kinapata 4.97. Raspberry Pi huanza kulalamika volti zikishuka chini ya karibu 4.63. Umeona? Chaja ni ileile, umeme wa ukutani ni uleule, waya tu ndio uliofanya mashine moja iugue na nyingine iwe nzima.

Kwa hesabu hiyohiyo, waya mrefu hupoteza zaidi kuliko mfupi. Ule waya wa mita 3 ulionunuliwa ili mtoto akae kwenye sofa mbali na televisheni huenda ndio adui yenyewe.

"Lakini chaja hii inachaji simu vizuri!"

Sentensi hii naisikia kila wiki, na ni ya kweli. Simu ina betri. Ikipewa umeme kidogo, inajaa polepole, nawe unaiacha usiku kucha na asubuhi imejaa. Simu husubiri. Kimashine chetu hakina pa kuweka akiba, kwa hiyo hakiwezi kusubiri. Chaja inayoitosha simu inaweza isikitoshe.

Tena msidanganyike na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Wati ni volti mara ampea. Chaja ya simu ya wati 18 inaweza kuwa inatoa volti 9 kwa ampea 2, lakini kwa volti 5 inatoa ampea 2 tu. Raspberry Pi inataka volti 5, kwa hiyo soma maandishi madogo yanayohusu volti 5 na uache mengine.

Mahitaji ni haya:

- Raspberry Pi 3 Model B+: ampea 2.5.
- Raspberry Pi 4: ampea 3.
- Raspberry Pi 5: ampea 5. Ukiipa chaja ya ampea 3 itawaka, lakini itabana umeme wa vifaa vyote vya USB kwa pamoja usizidi ampea 0.6, wakati kwa chaja ya ampea 5 inaruhusu 1.6.

Na tafadhali, msichomeke kimashine kwenye tundu la USB lililo nyuma ya televisheni. Tundu hilo kwa kawaida limewekwa kwa ajili ya flashi, na mengi hutoa ampea 0.5 au 0.9 tu. Ni kumpa mtu mzima uji wa kijiko kimoja kisha kumtuma shamba.

Dalili ya mvua ni mawingu

Angalieni dalili hizi:

1. Alama ndogo ya radi ya manjano inatokea kwenye kona ya juu ya kioo. Hiyo ni mashine yenyewe inasema, "Volti zimeshuka."
2. Mashine inajizima na kujiwasha, hasa geimu nzito inapoanza, kwa sababu hapo ndipo inapohitaji umeme mwingi.
3. Geimu inakwenda kwa kujivuta na sauti inakwaruza. Raspberry Pi 3 Model B+ hufanya kazi kwa kasi ya hadi GHz 1.4, lakini volti zikishuka hujipunguza mpaka MHz 600 ili isizimie. Mtoto ataona mchezaji wake anakimbia kama aliyevaa gambuti kwenye matope.
4. Pedi inakatika na kurudi katikati ya mchezo.
5. Kwenye Raspberry Pi 3, taa nyekundu inazimika au kupepesa wakati mashine inaendelea kufanya kazi. Taa hiyo inapaswa kuwaka mfululizo.
6. Wakati wa kuwasha, kioo kinabaki na ule mraba wa rangi za upinde wa mvua na hakiendelei.

Dalili ya mwisho inaweza pia kutokana na kadi mbovu, na ya tatu inaweza kutokana na joto. Kama wodini, homa peke yake haitoshi kusema ni malaria. Lazima tupime.

Kipimo chenyewe

Matoleo mapya ya programu hayaonyeshi alama ya radi kila mara, kwa hiyo ni bora kuiuliza mashine yenyewe. Ukitumia RetroPie, chomeka kibodi, cheza geimu kama dakika kumi, kisha toka kwenye geimu na ubonyeze F4. Kioo kitakuwa cheusi chenye maandishi. Andika hivi na ubonyeze Enter:

vcgencmd get_throttled

Majibu yanasomwa hivi:

- 0x0: hakuna tatizo lolote tangu mashine ilipowashwa.
- 0x50000: umeme ulishuka wakati fulani tangu kuwashwa, ingawa sasa hivi uko sawa.
- 0x50005: umeme umeshuka sasa hivi, na ulishuka kabla pia.
- 0x80008: tatizo ni joto. Fungua boksi lipate hewa au weka feni ndogo.

Usizime mashine kabla ya kupima, kwa sababu kumbukumbu hiyo hufutika ukiiwasha upya. Ni sawa na kumwogesha mgonjwa maji baridi kabla ya kumpima joto.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Hapa ndipo watoto wanapojifunza kitu kikubwa kuliko geimu. Ukibadilisha waya, chaja na kadi kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya ni kipi. Chukueni daftari, mwandike kila hatua na jibu lake, kama tunavyojaza chati ya mgonjwa.

Hatua ya 1. Ondoa kila kitu isipokuwa waya wa HDMI na pedi moja. Diski ya nje inayotegemea USB ndiyo mlaji mkubwa, kisha feni, taa za urembo na pedi zinazotetemeka. Pima. Ikipona, mlaji mmojawapo ndiye aliyekuwa anamaliza chakula cha wenzake.

Hatua ya 2. Rudisha ulichoondoa, kisha badilisha waya. Tumia mfupi na mnene. Pima. Chaja nyingine zina waya usiochomoka. Hizo ruka hatua hii.

Hatua ya 3. Badilisha chaja. Azima ya rafiki ambaye mashine yake haina shida. Ndiyo faida ya kuwa na darasa. Pima.

Hatua ya 4. Kama mliwahi kuongeza kasi ya mashine kwenye mipangilio, irudisheni ya kawaida. Kasi zaidi ni njaa zaidi.

Hatua ya 5. Rudisha vifaa vya ziada kimoja kimoja, ukipima kila mara. Diski ya nje ni bora ipewe habu ya USB yenye chaja yake yenyewe.

Kuna kisa kimoja cha pekee. Bodi za mwanzo za Raspberry Pi 4, zilizotoka 2019, zilikuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C. Ukizichomeka kwa waya mzuri wa laptopu wenye chipu ndani, haziwaki kabisa. Hapo waya wa gharama ndio unaokataa na waya wa kawaida ndio unaokubali. Bodi za baadaye zilirekebishwa.

Mambo ya hapa Johannesburg

Wengi hulaumu umeme wa mtaa. Kama umekatika, sawa. Lakini umeme wa ukutani ukipungua kidogo tu, chaja ya kisasa haijali. Angalia maandishi yake: nyingi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, na sisi hapa tunatumia 230. Basi alama ya radi ikitokea jioni, usikimbilie kuilaumu Eskom. Anza na waya.

Tatizo la ukutani kwetu ni jingine. Chaja iliyoletwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam ina pini tatu za bapa, na soketi za zamani za hapa zina matundu matatu makubwa ya duara. Tunaweka adapta juu ya adapta, kisha tunaning'iniza yote kwenye ekstensheni. Ikilegea, umeme hukatika ghafla mtu akipita na kutikisa meza. Mashine ikizimika kila Juma anapoamka kwenye kiti, si Juma, ni adapta. Adapta moja iliyobana vizuri inatosha. Ikipata moto, ikinuka au ikibadilika rangi, itupeni. Watoto, chaja haifunguliwi hata ikiwa imechomolewa: ndani hubaki umeme unaoweza kumdhuru mtu.

Kisha kuna mgao. Miaka ile ya giza nyingi, 2022 na 2023, nyumba nyingi zilinunua betri ndogo za kuendeshea ruta ya Wi-Fi. Betri hizo mara nyingi zina matundu ya volti 9 na volti 12. Usikate waya na kubadilisha kichwa ili kuingiza umeme huo kwenye kimashine: volti 12 zitakiua papo hapo, na hakuna tiba. Tumia tundu la USB la volti 5 peke yake, baada ya kuhakikisha ampea zinatosha. Pawabenki nayo inafaa ikiwa na ampea za kutosha, lakini baadhi yake hukata umeme kwa nukta moja pale umeme wa ukutani unapokatika au kurudi. Kwa simu hutaona kitu. Kimashine kitajizima. Umeme ukikatika, zimeni soketi, na ukirudi ngojeni dakika chache kabla ya kuwasha, kwa sababu wakati mwingine hurudi kwa kishindo.

Okoeni sauti za bibi

Kadi ya kumbukumbu huumia zaidi umeme ukishuka wakati mashine inaandika kitu. Neno linabaki nusu, na ukurasa mzima unaweza usisomeke tena. Kwa hiyo fanyeni mambo matatu.

Kwanza, zimeni mashine kupitia menyu, msichomoe waya ikiwa inawaka. Mfundisheni hata mdogo wa nyumba.

Pili, leo hii, kabla ya uchunguzi wowote, nakilini zile rekodi kwenye laptopu na kwenye flashi. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu hauna fundi.

Tatu, nunueni kadi ya pili kwa ajili ya geimu, na ile yenye sauti muitoe na kuihifadhi pamoja na vyeti vya nyumbani.

Na wazazi, nina ombi. Mashine ikizingua, msiseme "umefanya nini?" Semeni "tuangalie pamoja." Mtoto anayeogopa kulaumiwa hataonyesha alama ya radi aliyoiona wiki iliyopita. Atanyamaza, na mwenye kujua ugonjwa mapema alikuwa yeye. Nimeuguza wagonjwa wengi waliochelewa kwa sababu ya kuogopa kufokewa. Tusiwazoeshe watoto wetu hivyo kwenye jambo dogo kama hili.

Maneno ya wiki hii

- Volti: kipimo cha nguvu inayosukuma umeme.
- Ampea: kipimo cha kiasi cha umeme kinachopita.
- Kuyumba: kutokuwa imara, kwenda huku na huku.
- Nakala: kitu kilichonakiliwa kutoka kingine.
- Mgao: ugawaji wa kitu kisichotosha, kama umeme au maji.
- Kuzingua: neno la mtaani, kusumbua au kukataa kufanya kazi.

Kazi ya nyumbani

Watoto, tafuteni chaja tatu nyumbani. Andikeni volti na ampea za kila moja, kisha mseme kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili, ipi inafaa Raspberry Pi 4 na kwa nini. Mkimaliza, mpigieni bibi au babu mmwulize: walipokuwa wadogo, usiku walipata mwanga kutoka wapi? Rekodini jibu lake. Na mnakili mara mbili.

Jumamosi nitakuja na nyaya mbili, moja ya namba 20 na moja ya namba 28, pamoja na kipima volti. Mwenye mashine mgonjwa ailete. Kliniki inafunguliwa saa nne asubuhi, na hakuna atakayefokewa.